Kuchagua mfumo wa haidroponiki wa ndani katika nafasi ndogo, Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mkazi wa Mtwara, Mikindani, Lindi au mji mwingine wa pwani ya kusini mwenye kona ya chumba, kibaraza au roshani isiyozidi mita mbili za mraba, anayetaka kuotesha mboga katika maji yenye virutubisho badala ya udongo. Maelekezo mengi yanayosambaa yametungwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako taabu kubwa ni uchache wa jua. Hapa kwetu taabu ni nyingine: maji yanayopata moto, umeme unaokatika bila taarifa, na chumvi ya maji ya visima. Mfumo unaofaa ni ule unaoyavumilia yote matatu, hata kama hauvutii macho.

Mifumo ya haidroponiki inatofautianaje?

Mmea hauhitaji udongo wenyewe. Unahitaji maji, madini, mwanga, kitu cha kuushikilia, na oksijeni kwenye mizizi. Sharti hilo la mwisho ndilo husahaulika, na ndilo linalozitenganisha aina zote za mifumo, kwa sababu kila mfumo ni njia mojawapo ya kuifikisha hewa mizizini.

Katika mfumo wa maji tuli, ambao Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii aliueneza hata ukaitwa kwa jina lake, mmea unakunywa maji, kina kinashuka, na mizizi iliyobaki juu ya maji inavuta hewa iliyo ndani ya chombo. Katika mfumo wa maji ya kina, mizizi inazama wakati wote na pampu ndogo ya hewa inatoa mapovu chini yake. Mfumo wa mkondo mwembamba, uliotengenezwa na Allen Cooper nchini Uingereza katika miaka ya 1960, unapitisha utando wa maji ndani ya bomba lililoinamishwa kidogo, ili nusu ya mizizi iwe majini na nusu hewani. Mfumo wa utambi unavuta maji kwa kitambaa kutoka chombo cha chini hadi chungu cha juu. Ipo pia mifumo ya kujaza na kukausha, ya matone, na ile ya kunyunyizia mizizi ukungu wa maji. Huo wa mwisho tunauacha kando kabisa, kwani tundu zake ndogo huziba kwa urahisi na mizizi yake haina akiba yoyote pampu inaposimama.

Kwa nini mnasisitiza joto la maji kuliko bei ya vifaa?

Kwa sababu maji yakipata joto hupoteza uwezo wa kushika oksijeni, wakati uleule ambao mizizi inahitaji oksijeni zaidi. Maji safi yenye nyuzi joto 20 hubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Kwenye nyuzi 30 hubeba takribani miligramu 7.5. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini vimelea vinavyoozesha mizizi, hasa jamii ya Pythium, hustawi katika maji ya moto yenye hewa kidogo, na mmea uliokwisha kudhoofika hauwezi kushindana navyo. Vitabu hupendekeza maji ya nyuzi 18 hadi 22. Kiwango hicho Mtwara hatukipati bila mashine ya kupoza, na mashine hiyo hula umeme kuliko mboga zote zitakazovunwa. Lengo la kweli kwetu ni kubaki chini ya nyuzi 28, na kuchagua mimea isiyolalamika.

Maji yaliyowekwa kivulini hufuata wastani wa joto la usiku na mchana. Kwa hiyo kuanzia Juni hadi Agosti, pepo za kusi zinapovuma na usiku unaposhuka hadi karibu nyuzi 20, karibu mfumo wowote utafanya kazi. Mtihani unakuja Desemba hadi Machi. Anayejenga mfumo mwezi wa Julai na kufurahia matokeo yake asiharakishe kuongeza ndoo nyingine kabla ya kuuona mwezi wa Januari.

Njia za kupunguza joto ni za kawaida. Tumia chombo kikubwa, kwa kuwa lita 20 hupata moto polepole kuliko lita 5. Kipake rangi nyeupe kwa nje au kifunike kwa kitambaa cheupe. Kiweke sakafuni kwenye saruji, si juu ya kabati karibu na bati, kwani joto la chumba hukaa juu. Gunia lililoloweshwa na kuzungushiwa ndoo husaidia sana wakati wa kiangazi chenye upepo, na husaidia kidogo tu wakati wa mvua, kwa sababu hewa ikiwa imejaa unyevu maji hayakauki. Siku kali, chupa ya lita moja na nusu iliyogandishwa ikitumbukizwa katika ndoo ya lita 20 ikiwa imefungwa kizibo hushusha nyuzi kadhaa. Ni msaada wa dharura, haifai kutegemewa kila siku.

Umeme ukikatika, mfumo upi unavumilia?

Mfumo wa maji tuli na ule wa utambi haujui kama umeme upo au haupo. Mfumo wa maji ya kina wenye pampu ya hewa huvumilia saa kadhaa, pungufu zaidi ikiwa maji yana joto. Mfumo wa mkondo mwembamba ndio dhaifu kuliko wote: pampu ikisimama saa saba mchana wa Februari, utando wa maji hukauka na saladi hulala chini ndani ya saa moja au mbili, na iliyolala namna hiyo hata ikiinuka baadaye huwa chungu.

Pampu ya hewa ya wati 5 inaweza kuendeshwa na betri ya volti 12 yenye uwezo wa saa-ampea 7. Betri hiyo ina nishati ya wati-saa 84. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, unapata saa 8 hivi. Mwenye paneli ndogo ya sola ya kuchajia simu na kuwashia taa anaweza kuiunganisha humo, mradi anunue pampu ya volti 12 tangu mwanzo badala ya ile ya soketi ya ukutani.

Basi anayeanza achukue upi?

Achukue maji tuli. Tunalisema hili bila kusitasita, ingawa wauzaji wa vifaa hawana sababu ya kulipenda, kwa kuwa mfumo wenyewe ni ndoo yenye mfuniko.

Chukua ndoo ya lita 20 isiyopitisha mwanga, au boksi jeupe jepesi la kuhifadhia samaki na barafu. Boksi hilo linafaa kuliko ndoo, kwa sababu linazuia joto kuingia kama lilivyokuwa likizuia barafu isiyeyuke. Lioshe vizuri, kisha tandika ndani nailoni nyeusi nzito ili lisivuje na lisipitishe mwanga. Toboa kwenye mfuniko matundu matatu au manne yenye upana wa sentimita 5, yakiachana sentimita 15 hadi 20. Katika kila tundu weka kikombe cha plastiki kilichotobolewa ubavuni na chini, na ndani yake mche uliooteshwa kwenye kipande cha sponji au makumbi ya nazi. Jaza mmumunyo, yaani maji yaliyochanganywa na virutubisho, hadi sehemu ya chini ya kikombe iguse maji kwa sentimita moja au mbili, basi. Hakikisha hakuna mwanga unaoingia, kwani mwanga na virutubisho pamoja huzaa utelezi wa kijani unaoshindana na mmea.

Sehemu inayowashinda wengi ni kuuacha mfumo bila kuugusa. Maji yatashuka, na kati ya maji na mfuniko itatokea nafasi iliyojaa mizizi mifupi yenye vinyweleo vyeupe. Hiyo ndiyo mizizi ya hewa, na ndiyo pumzi ya mmea. Mtu mwenye huruma huona ndoo imebaki nusu, akajaza mpaka juu, na mizizi ile ikazama ikafa. Ukihitaji kuongeza, usipite nusu ya chombo.

Shina moja la saladi hutumia takribani lita 4 tangu kuhamishwa hadi kuvunwa, na zaidi kidogo katika joto letu. Ndiyo maana ndoo ya lita 20 tunaipa mashina manne, si nane.

Ni wakati gani pampu ya hewa inafaa?

Unapotaka mmea uishi miezi mingi katika chombo kilekile, au unapopanda mboga zenye kiu kubwa kama sukuma wiki na spinachi, ambazo huyamaliza maji kabla hujarudi kutoka safarini. Pampu ya wati 3 hadi 5 na jiwe la hewa, lile linalotawanya mapovu majini, zinatosha ndoo mbili za lita 20. Iweke pampu juu ya usawa wa maji, ili umeme ukikatika maji yasirudi kupitia mrija na kuiharibu, na iweke mahali penye hewa ya baridi zaidi chumbani. Pampu iliyo juu ya kabati chini ya bati hupuliza joto moja kwa moja mizizini. Kumbuka pia kwamba inanguruma. Katika chumba unacholala, hilo si jambo dogo.

Vipi mabomba ya PVC ya ukutani, au minara?

Yanapendeza kwenye picha, na yanabeba miche mingi katika nafasi nyembamba. Lakini maji machache yanayozunguka katika mabomba yaliyopigwa na jua la kibaraza hurudi kwenye tenki yakiwa ya moto, na mzunguko hurudia siku nzima. Tukiongeza kukatika kwa umeme, na mizizi ya matembele inayoziba bomba la inchi 3, hatuoni sababu ya kuupendekeza mfumo huu kwa mtu wa chumba kimoja. Anayeutaka hata hivyo auweke upande wenye kivuli cha mchana, ainamishe bomba sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita, azike tenki au alifunike, na awe na betri.

Mwanga wa dirishani unatosha?

Mara nyingi hautoshi, na jambo hili huwashangaza watu wa nchi yenye jua kama yetu. Nyumba zetu zina mapaa marefu ya kukinga jua na mvua, madirisha yana nondo na wavu wa mbu, na mita moja ndani kutoka dirishani mwanga huwa umepungua kuwa sehemu ndogo tu ya ule wa nje. Pima hivi: saa sita mchana weka karatasi nyeupe mahali unapotaka kupanda, kisha nyoosha mkono sentimita 30 juu yake. Kivuli chenye kingo kali kinaonyesha kwamba mboga za majani zitakua. Kivuli hafifu kinafaa nanaa na miche tu kwa muda. Pasipo na kivuli, taa inahitajika, au mfumo uhamie kibarazani.

Upande wa dirisha nao una maana yake. Mtwara na Lindi ziko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki huhamia kusini. Dirisha la kaskazini ndilo lenye mwanga kwa sehemu kubwa ya mwaka. La mashariki ni zuri pia, kwa sababu jua la asubuhi halichomi. La magharibi huleta joto la alasiri ambalo ndoo haihitaji.

Taa zitanigharimu kiasi gani kwenye LUKU?

Taa nyeupe za LED zenye jumla ya wati 40, zikining'inizwa sentimita 20 hadi 30 juu ya majani, zinatosha eneo la nusu mita kwa nusu mita. Zikiwaka saa 14 kwa siku zinatumia karibu uniti 17 kwa mwezi, na pampu ya hewa ya wati 5 isiyozimwa inaongeza uniti 3.6. Mteja wa daraja la D1, ambaye unafuu wake unaishia kwenye uniti 75 kwa mwezi, aangalie matumizi yake ya sasa kabla ya kununua taa, kwa sababu uniti hizo 17 zinaweza kumvusha mpaka huo, na hapo gharama haitakuwa ya mboga pekee. Si lazima kununua taa zenye rangi ya zambarau. Taa nyeupe za kawaida hukuza majani vizuri na haziudhi macho ya wenye nyumba.

Maji yetu ni ya kisima na yana ladha ya chumvi. Nitumie?

Kabla ya kununua chochote kingine, nunua au azima kipimo cha EC, kifaa chenye ukubwa wa kalamu nene kinachoonyesha jumla ya chumvi zilizoyeyuka. Maji yenye EC chini ya 0.5 (kwa mS/cm) ni mazuri. Kati ya 0.5 na 0.8 yanatumika. Yakizidi 1.0 tayari yamejaza nafasi iliyokusudiwa virutubisho, na visima vya karibu na bahari hujazwa zaidi na sodiamu na kloridi, ambazo mmea hauzitaki. Mmea unakunywa maji na kuziacha, hivyo ndoo inazidi kuwa na chumvi kila wiki. Saladi huungua kingo za majani mapema. Kuchemsha hakusaidii, kwani chumvi hubaki na maji hupungua.

Dawa yake ni mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 20 kwenye upande wa paa wenye mita 20 za mraba inakaribia lita 400. Msimu wetu wa mvua ni mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, na kiangazi ni kirefu, lakini mfumo huu haunywi sana: ndoo nne za lita 20 zikijazwa upya kila baada ya wiki sita zinahitaji chini ya lita 350 kwa nusu mwaka. Pipa mbili zinatosha. Watu wa uwanda wa juu wa Makonde, Newala na Tandahimba, ambako maji ya juu ya ardhi ni haba, wamezoea kukinga mvua kutoka zamani na hawahitaji kufundishwa. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kwanza, kisha ndipo ukinge. Mwenye maji kidogo ya mvua anaweza kuyachanganya. Maji ya kisima yenye EC 1.4 yakichanganywa nusu kwa nusu na ya mvua hushuka hadi karibu 0.7.

Maji ya bomba yenye harufu ya klorini yaache wazi usiku kucha kabla ya kuchanganya.

Nitumie nini kushikilia mizizi? Kokoto zipo tele.

Kokoto za pwani yetu nyingi ni za mawe ya matumbawe, yaani chokaa, na zikikaa katika mmumunyo hupandisha pH (kipimo cha uchachu wa maji; ikipanda, uchachu hupungua) siku baada ya siku hata mmea ukashindwa kunyonya chuma. Dondoshea jiwe maji ya ndimu au siki. Likitoa mapovu, liache lijengee ukuta. Changarawe ya mtoni isiyotoa povu inafaa, ingawa ni nzito.

Makumbi ya nazi ndiyo yetu, na ni mazuri: yanashika maji na hewa kwa pamoja. Yale yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya kutengenezea kamba yamejaa chumvi, kwa hiyo tumia makavu ambayo hayakulowekwa, yachambue, kisha yaoshe kwa maji baridi mara kadhaa mpaka rangi ya chai ipungue na kipimo cha EC cha maji ya mwisho kikaribie kile cha maji ya kuoshea. Pumba za mpunga zilizochomwa nusu hadi kuwa nyeusi, si majivu, zinafaa pia. Maganda ya korosho yapo bwerere msimu ukifika, lakini yana mafuta makali yanayochoma hata ngozi ya mikono, yasiguse mizizi.

Naweza kuyeyusha mbolea ya shambani, au samadi?

Hapana, na sababu yake inafaa kueleweka. Shambani, vijidudu vya udongo hubadilisha urea na amonia kuwa nitreti ambayo mimea huichukua kwa usalama. Ndani ya ndoo vijidudu hivyo ni vichache, na amonia ikilundikana huunguza mizizi. Mbolea ya NPK nayo kwa kawaida haina kalsiamu ya kutosha wala madini madogo kama chuma, boroni na zinki, ambayo udongo ungeyatoa wenyewe. Samadi iliyolowekwa huoza, hula oksijeni, na hunuka. Ndani ya nyumba ya kupanga hilo pekee linatosha.

Nunua virutubisho vya haidroponiki vilivyotengwa katika sehemu mbili, kwa kawaida A na B. Vimetengwa kwa sababu kalsiamu iliyo katika sehemu moja ikikutana na salfeti na fosfeti za nyingine vikiwa vizito, huganda kuwa chembe nyeupe zisizoyeyuka tena, na mmea haufaidiki. Kwa hiyo mimina A katika maji yote ya ndoo, koroga, kisha ndipo umimine B. Usizichanganye kavu wala kwenye kikombe kimoja. Miche ipewe nusu ya kipimo. Saladi na viungo vya majani hutosheka na EC ya 0.8 hadi 1.2, sukuma wiki na mchicha 1.4 hadi 1.8. Siku za joto kali punguza kidogo, kwani mmea unakunywa maji kwa kasi kuliko madini.

pH ni lazima kupima?

Ni lazima mwanzoni, mpaka uyajue maji yako. Kiwango ni 5.5 hadi 6.5. Maji magumu ya visima vyetu huipandisha, na dalili yake ni majani machanga kuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Maji ya ndimu hushusha pH, lakini vijidudu huyala na baada ya siku moja au mbili inapanda tena. Asidi ya fosforiki iliyopunguzwa makali hudumu zaidi. Daima mimina asidi ndani ya maji, si maji ndani ya asidi, na iwe mbali na watoto.

Nipande mboga gani?

Hapa ndipo wengi hujitesa, kwa sababu kila picha ya haidroponiki ina saladi. Saladi ni mmea wa baridi. Mbegu zake nyingi hukataa kuota joto likizidi nyuzi 28 hivi. Zifunge katika karatasi laini yenye unyevu, ziweke ndani ya friji siku moja au mbili, kisha zitoe. Ilime kuanzia Mei hadi Septemba, chagua aina za majani yaliyoachana badala ya zile zinazofunga kichwa, na Januari iache ipumzike.

Matembele ndiyo tunayoyapa nafasi ya kwanza. Kata kikonyo cha sentimita 20 hadi 25, ondoa majani ya chini, zamisha vifundo viwili, na ndani ya wiki moja hivi mizizi imetoka. Unachuma vichwa, vinachipua vingine, miezi mingi mfululizo, na joto la maji haliyatishi. Mchicha unapenda joto na mwanga mkali, kwa hiyo ni wa kibarazani. Chainizi na sukuma wiki hukua vizuri zaidi msimu wa kusi. Mrehani na nanaa ni rahisi mno, na vikonyo vyake huota mizizi kwenye gilasi. Giligilani hukua haraka ila huwahi kutoa maua joto likizidi. Majani ya vitunguu huchipua kutoka kwenye kitunguu kilichokwisha kuota jikoni. Nyanya na matango yanahitaji jua kamili na nafasi ya kutambaa. Ndani ya chumba yatakupa majani na hasira.

Je, ndoo za maji hazitazalisha mbu?

Zitazalisha, zikiwa na upenyo. Mbu aina ya Aedes hupenda vyombo vya maji vya nyumbani, na katika joto letu yai huweza kuwa mbu mzima ndani ya wiki moja na kidogo. Hili ni la kuzingatiwa hasa hapa kusini: ugonjwa wa chikungunya ulitambuliwa kwa mara ya kwanza duniani katika mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953 kwenye uwanda wa Makonde, na mbu huyo ndiye anayeueneza. Mfuniko ubane, kila tundu lizibwe kwa sponji kuzunguka shina, tundu la kuongezea maji liwe na kizibo, na pipa la mvua lifunikwe kwa wavu. Mapovu ya pampu pekee si kinga.

Chombo chochote cha plastiki kinafaa?

Chagua chenye alama ya pembetatu na namba 2 au 5. Usitumie kamwe dumu, pipa wala kopo lililowahi kuwa na viuatilifu vya mikorosho, hata likioshwa mara ngapi; msimu wa kupuliza ukiisha vyombo hivyo huzagaa na huuzwa kwa bei rahisi, na sumu iliyoingia kwenye plastiki hutoka polepole ndani ya chakula chako. Kama muuzaji hawezi kukuambia dumu lilibeba nini, mwachie.

Naishi ghorofani. Roshani itabeba?

Lita moja ya maji ni kilo moja. Ndoo nne zilizojaa zinakaribia kilo 85 pamoja na mimea, sawa na mtu mzima mmoja. Ziweke karibu na ukuta, si ukingoni, na usizipange juu ya rafu ya mbao nyepesi.

Mizizi imekuwa ya kahawia na inanuka. Nifanye nini?

Itazame kwanza. Mizizi yenye rangi ya chai lakini migumu na isiyo na harufu imepakwa rangi tu na makumbi. Ikiwa inateleza na ngozi inachomoka ukiivuta kwa vidole, imeoza. Toa mmea, kata iliyokufa, isuuze iliyobaki kwa maji safi, mwaga mmumunyo wote, osha chombo kwa dawa ya klorini ya kufulia iliyozimuliwa, kisuuze mpaka harufu iishe, kisha anza na mmumunyo mpya wa nusu kipimo uliojaza nusu ya chombo. Majani yakiwa yamekwisha kunyauka kabisa, usipoteze siku. Panda upya, na uchunguze kama ndoo ilikuwa ikipigwa na jua la alasiri.

Mmumunyo uliobaki baada ya kuvuna niumwage wapi?

Umwage kwenye shina la mnazi, mpapai au mgomba, ukiuzimua kwa maji kiasi kilekile. Usiumwage karibu na kisima wala kwenye mtaro unaoelekea baharini. Ukiwa kwenye nyumba ya kupanga isiyo na ua, jirani mwenye bustani ataupokea.